Usione Handaki Tupu

Hebu tuanze na picha moja. Sina haja ya kuiweka hapa kwa sababu umeshaiona, hata kama hukumbuki uliiona wapi. Ni handaki la matofali, la mviringo, linakwenda mbali mpaka mwisho wake unakuwa kitundu. Chini yanapita maji, lakini si maji tunayoyajua sisi. Yamelala kama hariri, kama maziwa yaliyopoa. Katikati amesimama mtu mmoja katupa mgongo, miguu kaipanua, tochi ya kichwani inamulika mbele yake. Uso huuoni. Na chini ya picha kuna maneno ambayo ungeweza kuyaandika wewe bila kuuliza: mji uliosahaulika, dunia iliyofichwa, mahali pasipofika mtu.

Nimechoka na picha hiyo. Naandika leo kusema kwamba ni picha ya uongo, na kwamba uongo wake haukuingia baadaye kwenye programu ya kuhariri. Uliingia mapema, lenzi ilipofunguliwa na mpiga picha akaanza kusubiri.

Najua kuna atakayeuliza: hapa si mahali pa vitabu? Ni mahali pa vitabu, ndiyo. Ila picha hizi zimezaa vitabu, na vitabu vimezaa namna ya kuandika kuhusu miji, na namna hiyo tunaisifu humu humu bila kuuliza imemwacha nani nje. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumewasifu hawa wagema wa chini ya ardhi kwa muda mrefu, na mimi nadhani tembo limeshakuwa maji matupu.

Tuanze na ufundi wenyewe. Chini ya ardhi hakuna jua. Mpiga picha anasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, anafungua lenzi na kuiacha wazi kwa sekunde 30, dakika 2, hata dakika 10, ili kamera iukusanye mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayekinga ndoo kwenye bomba linalodondoka. Nitaziita picha za kusubiri. Katika muda huo huo anaweza kutembea na tochi akipaka mwanga ukutani, au akafunga stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye waya, akaiwasha na kuizungusha mpaka cheche zichore duara. Kinachotulia kinatokea kikali na safi: tofali, chuma, mfupa. Kinachotembea hakitokei. Mtu akikatiza mbele ya lenzi kwa sekunde 2 ndani ya dakika 2, kamera haimhesabu kabisa. Maji machafu yanayochuruzika yanalainishwa mpaka yanapendeza kutazama. Kwa jicho la kamera hiyo, anayefanya kazi hayupo, na aliyepo ni yule asiyefanya kazi.

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake, kutoka juu dirishani, kwenye Boulevard du Temple jijini Paris. Ulikuwa mtaa wenye watu na magari ya farasi. Lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, na katika dakika hizo mtaa mzima ukafutika. Magari hayapo, wapita njia hawapo, farasi hawapo. Amebaki mtu mmoja tu kwenye kona, kwa sababu alikuwa amesimama anang'arishiwa viatu. Ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Na mng'arishaji? Yeye mikono na mwili vilikuwa vinakwenda. Amebaki kama doa lililoinama mguuni kwa mteja.

Soma tena sentensi hiyo kama unavyosoma hadithi, halafu uniambie kama haina maana.

Sasa kabla sijamshika mtu koo, nijishike mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Nikiwa mwanafunzi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, niliwahi kushuka kwenye mtaro wa maji ya mvua na rafiki zangu wawili, usiku wa kuamkia Jumapili. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na kamera nzuri. Tulitembea labda nusu saa mpaka mahali ambapo mitaro miwili inakutana. Palikuwa pazuri, sikatai. Tukaweka stendi. Ndipo nikaona, kwenye ukingo wa kulia, glavu moja ya mpira, ya kazi, imelazwa kama mtu aliyeivua ili ashike kitu vizuri. Karibu yake ukutani palikuwa na namba zilizoandikwa kwa chaki, na chini ya namba safu mbili za matofali mapya ambayo saruji yake ilikuwa bado nyeupe. Mtu alikuwa hapo wiki hiyo. Pengine juzi.

Rafiki yangu alitazama kwenye kioo cha kamera, akasema glavu inaharibu picha. Nikaenda mimi, kwa mkono wangu, nikaitoa. Halafu nikasimama katikati, nikatupa mgongo, nikapanua miguu. Sekunde 30 nikazuia pumzi nisitikisike. Namba za chaki zilikatwa baadaye nyumbani. Picha ikawekwa mtandaoni na maneno kwamba huu ni mji ambao mji umeusahau. Watu wakaipenda sana. Niliipenda na mimi.

Mji haukuwa umesahau kitu chochote. Mji ulikuwa umemlipa mtu ashuke na saruji.

Wasomaji wengi wa mambo haya wanajua kwamba baba wa picha za chini ya ardhi ni Mfaransa, Gaspard-Félix Tournachon, aliyejiita Nadar. Ni yeye yule aliyepanda puto mwaka 1858 akapiga picha kutoka angani, na ni yeye aliyempiga picha Victor Hugo akiwa kitandani mwa mauti mwaka 1885. Kuanzia mwaka 1861 aliingia chini ya Paris, kwanza kwenye yale machimbo ya zamani ya mawe ambamo mifupa ya makaburi ya jiji ilianza kuhamishiwa mwishoni mwa karne ya 18, mifupa inayokadiriwa kuwa ya watu milioni 6, kisha kwenye mitaro mipya ya maji taka. Hakuwa na mwanga wa jua, kwa hiyo alitumia taa za umeme wa betri, na betri zenyewe zilikuwa kubwa na zenye moshi mkali kiasi kwamba zilipaswa kubaki juu barabarani huku nyaya zikishushwa kupitia mashimo. Anasimulia jinsi walivyoweza kuhangaika kwa saa nyingi kupanga taa, na dakika ya mwisho ukapanda mvuke kutoka kwenye maji ukaharibu kila kitu.

Baadhi ya picha hizo zilihitaji lenzi ikae wazi mpaka dakika 18. Nadar alitaka awepo mtu ndani ya picha. Sababu aliyoitoa mwenyewe katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa mwaka 1900, ni ya kiufundi: mtu angemsaidia mtazamaji kupima ukubwa wa mahali. Lakini nani anaweza kusimama dakika 18 bila kutikisika? Basi akatafuta midoli, ile ya ukubwa wa mtu, akaivisha nguo za wafanyakazi na kuipanga. Mdoli yuko na mkokoteni wa mifupa. Mdoli anapanga mafuvu ukutani. Ukiiangalia picha haraka unasema, tazama wafanyakazi wa Paris. Ukiangalia mara ya pili unaona mkono usio na mfupa na kichwa kisicho na shingo ya kweli.

Ni rahisi kumcheka Nadar. Mimi simcheki. Nadar alijua kwamba pale anastahili kuwepo mfanyakazi. Kamera yake ilimshinda, akaweka mbadala, halafu akakiri hadharani kwamba ni mbadala. Ubaya wa mdoli ni mmoja tu, lakini ni mkubwa: mdoli hagomi. Hachoki, hakohoi, haulizi analipwa kiasi gani, hasemi leo siingii humo.

Na hapa ndipo nataka tuingize riwaya, kwa sababu kuna sadfa ambayo sijaona watu wa picha wakiizungumzia inavyostahili. Katika miaka hiyo hiyo Nadar alipokuwa akipanga midoli, Victor Hugo, akiwa uhamishoni kisiwani Guernsey, alikuwa anamaliza Les Misérables. Ilitoka mwaka 1862. Kila aliyeisoma anamkumbuka Jean Valjean akimbeba Marius mgongoni ndani ya mtaro wa maji taka, wakati wa maasi ya Juni 1832. Wanaoruka kurasa huwa wanaruka zile zinazotangulia tukio hilo, ambamo Hugo anasimamisha hadithi nzima aeleze mtaro wenyewe: nani aliujenga, ulipanuka vipi, unagharimu nini. Nakubali kurasa hizo zinachosha. Lakini ndimo alimo mtu ambaye kamera ilishindwa kumwona.

Hugo anasimulia jinsi Bruneseau alivyoingia kuipima mitaro hiyo zama za Napoleon, na kwamba hawajafika mbali, wanane kati ya vibarua ishirini walikataa kuendelea. Walikataa! Hilo ni tendo la binadamu. Kisha, alipofika kwenye ujenzi wa zama zake, anamtaja kwa jina msimamizi wa kazi Monnot na mhandisi Duleau, waliokufa baada ya kazi hizo, na anasema kwa uchungu kwamba ushujaa wa namna hiyo hautangaziwi na mtu, ingawa una faida kuliko mauaji ya kwenye uwanja wa vita. Ukitaka kumkosoa Hugo unaweza: amewataja msimamizi na mhandisi, hakuwataja wachimbaji. Sawa. Lakini linganisha. Mtu mmoja yuko kisiwani, hana taa, hana betri, haoni hata tofali moja la mtaro anaouandika, na anawatoa wafu kwa majina yao. Mwingine yuko ndani ya mtaro wenyewe na vifaa bora vya zama zake, na anatoka na mdoli.

Kwa hiyo usiniambie kwamba suala ni kufika. Hii ndiyo imani kuu ya wapenzi wa mahandaki: kwamba aliyefika ameona. Hugo hakufika.

Sasa tuje kwa warithi wa Nadar. Kamera za leo zinahitaji mwanga kidogo sana kuliko bamba la mwaka 1861. Zile dakika 18 zimekuwa sekunde. Ungetegemea basi kwamba mfanyakazi wa kweli angerudi kwenye picha, maana sasa anaweza kusimama hata kwa muda wa pumzi mbili. Kilichotokea ni kinyume. Mdoli ameondolewa, na mahali pake amesimama mpiga picha mwenyewe. Ndiyo huyo mgongo tunaouona. Ukimuuliza kwa nini umesimama hapo, atakupa jibu lile lile la Nadar, kwamba anatusaidia kupima ukubwa wa mahali. Wallahi, neno kwa neno. Miaka zaidi ya 160 na udhuru haujabadilika, isipokuwa yule aliyevikwa nguo za kazi ameshafukuzwa hata kwa sura ya sanamu.

Chukua kitabu cha Bradley Garrett, Explore Everything, cha mwaka 2013, ambacho ndicho msingi wa mijadala mingi ya kuzurura kwenye majengo na mahandaki yasiyoruhusiwa. Kina hoja nzito kuhusu nani anamiliki jiji na kwa nini milango yake imefungwa, na kimejaa hizi picha za mtu mmoja mbele ya utupu mkubwa. Wanajiografia Carrie Mott na Susan Roberts waliuliza mapema, mwaka 2014, kwa nini shujaa wa hadithi hizi ni mwanamume yule yule kila mara. Au mchukue Robert Macfarlane, mwandishi ninayempenda, nisifiche. Katika Underland, ya mwaka 2019, ana sura nzima ya kutambaa ndani ya machimbo ya Paris. Anakiri humo kwamba kuna mambo ya utamaduni huu yanayomkera, mojawapo likiwa ni kutowajali watu ambao maisha yao ya kazi ni kujenga na kutunza mahali hapo. Vizuri. Nilipofika hapo nikasema, haya, sasa atatukutanisha na mmoja wao. Kukiri kukaisha, safari ikaendelea.

Angalia pia maneno yanayotumika: kugundua, kuvumbua, kufichua. Jamani, sisi wa pande hizi tuna sababu ya kushtuka tukisikia maneno hayo. Tulifundishwa shuleni kwamba John Hanning Speke aligundua ziwa kubwa mwaka 1858. Alifika ukingoni kwa miguu akiwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyekuwa anamwongoza na kumtafsiria, akapita kwenye vijiji vya watu waliokuwa wanavua samaki humo tangu enzi za mababu, akasimama, akatazama, basi, akawa kagundua. Handaki la maji taka linagunduliwa kwa mtindo huo huo. Linagunduliwa na mtu ambaye choo chake kinamwaga humo.

Najua nitajibiwa. Nitaanza na jibu jepesi: sanaa si uandishi wa habari, mpiga picha hana deni la kuonyesha kila kitu. Ni kweli hana. Mchoraji akichora handaki tupu sitamdai kitu. Lakini hawa hawajiuzi kama wachoraji. Wanajiuza kama mashahidi. Nguvu yote ya picha zao ni kwamba nilikuwepo, nimeona, ndivyo palivyo. Ukichukua heshima ya shahidi, beba na mzigo wake.

Jibu la pili lina uzito zaidi: bila sisi, nani angeziona kazi hizi za ajabu za wahandisi? Hapo nainamisha kichwa kidogo. Kweli watu wengi hawajui chini ya miguu yao kuna nini, na mtu akijua anaweza kuanza kuuliza maswali kuhusu maji, uchafu na bajeti. Ila tusijifanye kwamba mitaro ya Paris ilikuwa siri mpaka vijana wenye tochi walipofika. Watu walianza kupelekwa kuitembelea tangu maonyesho makubwa ya mwaka 1867, na wageni, mabibi kwa mabwana waliovaa vizuri, walikaa ndani ya vigari vilivyosukumwa na wafanyakazi wa mitaro wenyewe. Machimbo yenye mifupa nayo yana sehemu ya wazi yenye tiketi na ngazi, kama kilometa moja na nusu, wakati sehemu iliyobaki imepigwa marufuku kuingia tangu mwaka 1955. Katika vigari vile vya mwaka 1867, angalau mgeni alikuwa anasikia pumzi za anayemsukuma.

Jibu la tatu ndilo gumu, na nalipenda kwa sababu ni la ukweli: usiku wa Jumapili hakuna mfanyakazi chini, tumepiga tulichokiona. Sawa kabisa. Lakini nani aliyechagua usiku wa Jumapili? Nani aliyesubiri mpaka pawe patupu? Nani aliyetoa glavu? Utupu huo umetengenezwa kwa bidii, kwa ratiba, kwa kukata pembeni. Wahenga walituambia usione vyaelea, vimeundwa. Handaki tupu nalo usilione tupu. Kuna aliyelichimba, na kuna anayelifagia ili wewe upite bila kuzama magotini.

Waandishi ambao hawakuwa na uchaguzi wa kushuka walijua tofauti hii vizuri. Richard Wright, Mmarekani mweusi, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1940 riwaya ya The Man Who Lived Underground. Shujaa wake, Fred Daniels, amepigwa na polisi mpaka akakiri mauaji asiyoyafanya, anatoroka, anainua kifuniko cha chemba barabarani na kujitumbukiza kwenye maji taka. Humo hapozi mbele ya kamera. Humo anajificha. Wachapishaji hawakuitaka riwaya kamili, na ilisubiri mpaka mwaka 2021 kutoka yote. Hiyo ndiyo picha ya kusubiri ninayoiheshimu: miaka karibu 80 lenzi iko wazi na mtu hajafutika.

Na mwaka 1952 Ralph Ellison akatoa Invisible Man, ambayo msimulizi wake anaishi chini ya jengo jijini New York na amejaza dari lake balbu 1,369, kwa umeme wa wizi. Hamuliki matofali. Anajimulika yeye, kwa sababu juu barabarani watu wanampita bila kumwona. Mwaka huo huo mpiga picha Gordon Parks alishirikiana na Ellison kutengeneza picha za riwaya hiyo kwa ajili ya jarida la Life. Maarufu kuliko zote ni ile ya Harlem: barabara, kifuniko cha chemba kimesogezwa, na kutoka shimoni kinachomoza kichwa cha mtu mweusi, macho juu kidogo ya lami, anatutazama. Iweke picha hiyo pembeni ya ile niliyoanza nayo. Moja ina mtu anayetupa mgongo kwenda kwenye utupu alioupanga mwenyewe. Nyingine ina mtu anayetoka, na ana uso, na ni wewe unayetazamwa.

Nisizunguke mbali sana na nyumbani. Dar es Salaam tuna watu wanaoitwa vyura. Ni wale wanaotapisha vyoo, wanaoingia shimoni na ndoo pale ambapo gari la kunyonya haliwezi kupita kwa wembamba wa uchochoro, mara nyingi usiku ili majirani wasione. Hewa ya shimo la namna hiyo ina gesi inayonuka kama yai viza, na hatari yake ni kwamba ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa kabla haijamuua mtu, hivyo anadhani imeondoka. Sijawahi kuona mtu anayezuru mashimo hayo kwa ajili ya sanaa. Hayana matao. Hayana mwangwi. Sisemi tuende tukawapige picha wakiwa na matope mpaka kifuani, tuzipeleke kwenye maonyesho. Tumeshaona picha za kutosha za umaskini wetu zikining'inizwa kwenye kuta safi. Ninachosema ni kwamba ukishamjua chura, huwezi tena kuitazama picha ya mtaro mtupu wa Ulaya ukaamini kwamba chini ya ardhi ni mahali pa upweke mtakatifu. Ni mahali pa kazi, huko kama hapa.

Je, basi nataka watu waache kuziita mashimoni kamera zao? La. Nataka waitumie kamera yao hiyo hiyo vizuri zaidi, kwa sababu picha ya kusubiri ina uwezo ambao wao wenyewe wanaukimbia. Nimesema mtu akikatiza haraka anafutika. Lakini akikaa mahali pamoja kwa theluthi ya muda, akifunga nati au akisugua ukuta, anatokea kama kivuli chepesi ambacho unaona tofali nyuma yake. Na akiwa na tochi kichwani, mwanga wake unachora mstari mzima wa safari yake: hapa aliinama, hapa alirudi nyuma kuchukua koleo, hapa alisimama kidogo kwa sababu mgongo unauma. Wapiga picha wanayaita hayo makosa, wanafuta na kurudia. Mimi naona ndiyo picha pekee ya handaki ambayo ingenifundisha kitu. Kamera inayosubiri dakika 10 ina nafasi ya kuandika dakika 10 za kazi. Hakuna kifaa kingine kinachoweza kuziweka zote kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo omba ruhusa, shuka mchana, siku ya kazi. Mwulize anayefanya kazi kama anataka kuonekana, na akikataa, mheshimu kama Bruneseau alivyolazimika kuwaheshimu wale wanane. Andika chini ya picha kazi inayofanyika pale ni ipi. Acha neno kugundua. Na ninyi mnaoandika vitabu, sura ya kutambaa gizani mkishaiandika, andikeni na sura ya mtu anayelipwa kutambaa hapo kila siku, halafu tuone ni ipi itakayodumu.

Ile picha yetu bado ninayo. Ni nzuri, ndiyo maana inaniudhi. Maji ni hariri, matao yamepangika, na katikati kuna mgongo wangu wa ujana unaojifanya hauna mwenyewe. Kila nikiitazama jicho linakwenda kulia, kwenye ukingo, mahali palipokuwa na glavu. Hapaonyeshi kitu. Sikuirudisha, nadhani niliitupa majini ili tumalize haraka. Kuna mtu Jumatatu alishuka kazini akaitafuta, na siku hiyo akafanya kazi na mkono mmoja mtupu.